Likizo Tatu Nikibeba Simu Visiwani

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti saa kumi na mbili asubuhi nikiwa nimevaa soksi nyeupe za shule. Sikujua mfanyakazi wa majini huvaa nini. Mjomba wangu, ambaye kuanzia siku hiyo ilinibidi nimwite Msimamizi, alizitazama zile soksi kwa muda mrefu, kisha akaniambia nizivue, nizitie mfukoni, na nisimwambie mtu yeyote pale mwaloni kwamba sisi ni ndugu.

Ninyi mnaoanza kidato cha kwanza mwaka huu mmenikuta nimeshastaafu. Nina miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu, na utumishi wangu ulidumu likizo tatu. Kwetu Bugarama wapo wazee waliofanya kazi miaka thelathini na hawajaandika hata mstari mmoja. Shauri yao. Mimi naandika kwa sababu kila siku mnaniuliza kwa nini siigizi tena sauti za walimu bwenini, na jibu lake ni refu, haliwezi kutolewa kwenye foleni ya uji.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwalo ni mahali pa ufukweni ambapo vyombo hupakia na kupakua, na Mjomba alikuwa na kibanda pale mwaloni chenye umeme. Mbele yake, ziwani, kulikuwa na visiwa vitatu tulivyoviita Migomba, Mawe na Mwisho. Huko watu wanalima mihogo na maharage na wanafuga mbuzi, lakini umeme hawana, na hizo sola ndogo walizonunua huchoka mapema kuliko wenyewe. Kwa hiyo simu zao zilivuka maji kuja kuchajiwa, kisha zikavuka tena kurudi. Anayevuka nazo, peke yake, ndiye mimi.

Chombo changu kilikuwa kayaki, yaani mtumbwi wa plastiki wa mtu mmoja, wa rangi ya machungwa, wenye tundu moja tu la kukalia. Mtafiti mmoja wa ndege alikuja nayo, akamaliza ndege wake, akamwachia Mjomba. Watu wa mwaloni waliiita Ndala, maana ukiiona kwa mbali unadhani ni ndala iliyomponyoka mtu miguuni. Kasia lake lina vichwa viwili. Unachota maji kulia, unachota kushoto, na katikati ya kulia na kushoto unaomba Mungu. Simu zilikaa kwenye ndoo ya mfuniko wa kubana, ndoo nikaifunga kwa kamba mbele ya magoti, na kila simu ilifungwa uzi wa rangi yake ili mwenyewe atambulike. Uzi wa kijani ni wa kaya fulani, mweupe wa fulani. Daftari letu lilikuwa hizo nyuzi.

Kanuni nilifundishwa kabla hata ya kushika kasia. Ondoka mapema, kwa sababu kuanzia saa tano upepo unaamka. Wimbi likija, ligeuzie pua ya chombo, usiliache likupige ubavuni. Ukimwona kiboko karibu na matete, usipite kati yake na maji ya kina, maana akishtuka hukimbilia huko, na wewe ndiye utakuwa mlango. Kanuni ya mwisho ilihusu simu zenyewe. Mjomba na herufi l hawajawahi kupatana, kwa hiyo aliitamka kwa njia yake.

"Simu ikiria ndani ya ndoo, iache irie. Siyo yako. Anayepiga hakutafuti wewe."

Nilimjibu ndiyo Msimamizi. Akasema niache utani.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa nchi kavu, kufunga nyuzi na kupanga chaja, wiki mbili nzima. Halafu nikapelekwa Migomba, ambako ni karibu kiasi kwamba ukipiga chafya mwaloni wanakuombea afya. Likizo ya pili nikapandishwa cheo kwenda Mawe. Huko bosi wangu alikuwa Mwenyekiti wa kisiwa, mzee aliyepokea ndoo kwa mikono miwili kama anapokea sadaka. Kila alichosema alikianza kwa kukohoa mara mbili, kisha "mimi kama mwenyekiti," kisha kimya, ndipo neno lenyewe. Aliweza kukuambia mvua imenyesha ukahisi umefiwa. Ile sauti niliiba siku ya kwanza. Baada ya wiki moja niliweza kuitoa hata mbwa wake akageuka.

Sasa niwaambie jambo ambalo sikulisema bwenini. Nilikuwa mwoga. Hapa shuleni mnanijua mimi ni mtu wa vichekesho, lakini ziwani huna wa kumchekesha. Ukishapita kisiwa cha Migomba husikii jogoo wala pikipiki. Unasikia maji yakigonga plastiki chini ya makalio yako, na unakumbuka kuwa plastiki hiyo unene wake ni kama wa beseni. Kila gogo lilikuwa kiboko. Kila kiboko, nilipojipa moyo kwamba ni gogo, alipiga masikio. Nilikuwa na laifu jaketi, lile koti la kuelea, iliyonibana mpaka shingoni, na bado nilihesabu pumzi tangu mwaloni mpaka nifike.

Ndiyo maana nilianza kupokea simu. Si kwa ubaya. Ikilia ndani ya ndoo, ni sauti ya mtu, na mtu ndicho kitu nilichokuwa nakikosa. Nafungua mfuniko, naweka kasia juu ya magoti, najibu kwa sauti ya Mwenyekiti. Nilimwambia mtu mmoja kwamba shemeji yake amechaguliwa kuwa mkuu wa mbuzi wote wa kisiwa. Mwingine nilimwambia simu imemezwa na samaki na mimi naongea nikiwa tumboni. Walicheka. Wengine walinitukana, lakini kwa kucheka. Nikawa nafika Mawe sikumbuki hata kiboko mmoja.

Likizo ya tatu nikapewa kituo cha Mwisho. Ni mbali, na ukishapita Mawe mtandao unakata kabisa, kwa hiyo simu za huko ni tochi na redio mpaka mwenyewe avuke. Pale kuna kaya tatu, na anayepokea ndoo ni Mama Leokadia, mama wa makamo, mjane, mwenye mikono mirefu na maneno machache. Binti yake huyo Leokadia ameolewa Kaniha na kijana anayeitwa Severini, na alikuwa mjamzito. Uzi wa simu ya Mama Leokadia ulikuwa mwekundu.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio huku nchi kavu. Nilikuwa naukaribia mstari wa Mawe, mtandao unakuja na kuondoka, wakati uzi mwekundu ulipolia. Upande wa kulia niliona kitu cheusi majini na sikutaka kukitazama sawasawa. Nikapokea haraka. Sauti ya kiume ikasema shikamoo mama. Nikakohoa mara mbili.

"Mimi kama mwenyekiti," nikasema, nikanyamaza kidogo. "Mwenye simu hii amezama leo asubuhi. Bado tunamtafuta."

Nilisubiri kicheko. Badala yake nikasikia pumzi, kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo, halafu maneno yakaja yamebebana. Alisema, amezama vipi, mzee, Leokadia ndiyo anaingizwa chumba cha upasuaji sasa hivi, anamwita mama yake, sasa mimi nitamwambia. Neno lililofuata sikulipata. Mtandao ulikata.

Nikasema halo mara nyingi sana. Kile kitu cheusi kilikuwa gogo.

Nikageuza Ndala, nikapiga kasia kurudi nyuma mpaka alama ya mtandao ikarudi. Nilimpigia Severini kwa simu ile ile, salio hakuna. Nikafanya kile ambacho kila mtu huku hufanya akiishiwa salio. Nilimtumia ule ujumbe wa bure wa kuomba kupigiwa. Nilipokwisha bonyeza ndipo nikaelewa. Severini, amekaa kwenye benchi la hospitali, simu yake inatoa mlio, anatazama, na mama mkwe aliyezama asubuhi anamwomba ampigie.

Hakupiga. Nilichukua simu yenye uzi wa njano, iliyokuwa na salio la mwenyewe, nikapiga namba yake. Mteja hapatikani. Amezima. Nami ningezima.

Nilikaa pale katikati, ziwa limetulia kama halijasikia kitu. Ningerudi mwaloni ningekuwa na mdomo tu, na mdomo wangu ulishafanya kazi yake. Ambacho Severini angekiamini ni Mama Leokadia mwenyewe, amesimama mbele yake na miguu yake miwili. Nikaielekeza pua Mwisho. Sijawahi kupiga kasia vile. Nilikuwa nasema kwa sauti, asimwambie, asimwambie, moja kila kichwa cha kasia.

Nilimkuta anapepeta maharage. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanyoosha mikono kupokea ndoo. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama ndani ya maji mpaka magotini, kwa sababu niliogopa kutoka. Sikupunguza hata kukohoa. Nilitegemea anipige na ungo. Aliuweka chini taratibu, akafuta mikono kwenye kanga.

"Yewe, mtoto wa watu," akasema. "Mtumbwi wetu uko wapi?"

Aliuliza kana kwamba hajui. Mtumbwi pekee wa kisiwa ulikuwa umekwenda gulioni na watu wote wenye nguvu. Walibaki yeye, bibi mmoja asiyeona, na mbuzi. Aliitazama Ndala, tundu lake moja la kukalia. Nikamwambia haibebi wawili. Nikamwambia pia kuwa imekaribia saa tano na upepo unaamka.

"Vua hilo likoti."

Nikamvalisha laifu jaketi. Alikaa tunduni, akaligeuza kasia, akavitazama vichwa vyote viwili kama mtu aliyepewa mwiko wa ajabu. Amepiga makasia ya kawaida tangu utoto, lakini la namna hii hapana. Chombo kiliyumba, nikajua anapinduka hapo hapo. Kikatulia. Aliniambia nisiondoke kisiwani mpaka arudi, bibi anywe uji jioni, mbuzi mwenye pembe moja asiachwe na wenzake. Akaenda.

Nilisimama juu ya jiwe nikimtazama. Kwanza nilimwona yeye, baadaye nikaona rangi tu, kisha nikaona kitu ambacho kingeweza kuwa chochote. Upepo ukaamka kwa saa yake, haukuchelewa hata kidogo. Maji yakaanza kuota meno meupe. Nilikuwa nimesema amezama, na sasa nilikuwa nimempa chombo cha kuzamia. Nimempa kwa mikono yangu, nimemfunga mpaka vifungo.

Bibi asiyeona aliniuliza mara tatu Mama Leokadia amekwenda wapi. Mara ya kwanza nilisema mwaloni. Mara ya pili nilisema mwaloni. Mara ya tatu nilisema sijui, na hakuniuliza tena, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Kesho yake mchana mtumbwi wa gulioni ukarudi. Walilala nchi kavu kwa sababu ya mawimbi. Niliwakimbilia majini. Hapana, hawakuona Ndala, wao walitokea mwalo wa upande wa pili. Mmoja wao akaniuliza kama aliondoka na upepo ule wa jana. Nilipoitikia, akashusha gunia lake la chumvi, wenzake nao wakaanza kushusha mizigo yao bila kuongea, kama watu walio karibu na nyumba ya msiba. Niliwaomba wanivushe. Wakasema upepo umeshaamka tena, na mimi niliachiwa mbuzi.

Sikula. Mnaonijua mtaelewa uzito wa sentensi hiyo.

Jumamosi asubuhi nikasikia injini. Alikuwa Mjomba kwenye boti ya kukodi, na nyuma yake, imefungwa kamba, Ndala inaruka ruka tupu. Niliiona tupu. Nilikaa kwenye mchanga. Mjomba alishuka, akanishika kwapa akaninyanyua, na nadhani aliuona uso wangu ndiyo maana hakuanza na matusi aliyokuwa ameyapanga.

"Yuko hai," akasema. "Panda. Anakusubiri wewe."

Njiani akanieleza kwa kupiga kelele juu ya injini. Mama Leokadia alifika mwaloni saa kumi jioni siku ile ile, amelowa, kasia amelishika hataki kuliachia. Akachukua bodaboda kwenda hospitali, na njia hiyo hupita Runazi, kwa kaka yake mkubwa, Mzee Anaseti. Uani kwa Mzee Anaseti kulikuwa na turubai. Watu wamekaa chini, wanawake wanalia. Severini alikuwa amempigia mzee huyo kabla ya kuzima simu, na mzee alifanya kinachofanywa. Mama Leokadia akashuka kwenye pikipiki akauliza nani amefariki.

Wengine walikimbia mpaka shamba la mihogo.

Lakini kaka yake hakumruhusu kuvuka kizingiti, wala kwenda hospitali. Kwao ni hivi. Aliyeliliwa akiwa hai amebeba msiba mwilini, na hawezi kwenda nao kwa mtoto ambaye kitovu hakijadondoka. Aliyetangaza kifo ndiye anayepaswa kuja kukitangua, kwa mdomo wake, mbele ya wote waliolia. Leokadia alikuwa amejifungua salama kwa upasuaji, mtoto wa kike. Ila kwa siku mbili alikuwa anamuuliza mumewe mama yuko wapi, na Severini anamjibu yuko njiani. Hakumwambia kitu. Alijibu hivyo hivyo mpaka mkewe akaanza kumtazama vibaya, kwa sababu njia gani hiyo ya siku mbili. Na Mama Leokadia alikuwa amelala siku zote hizo kwa jirani, mita chache kutoka kwa kaka yake, akisubiri mimi.

Pale Runazi walikuwa wengi kuliko gwaride letu la asubuhi. Maisha yangu yote nimetafuta watu wengi namna hiyo wanisikilize. Mama Leokadia alisimama nje ya ua, mikono nyuma, hakunitazama. Mzee Anaseti alikuwa kwenye kiti. Nikamwamkia. Hakuitikia, akanionyesha pa kusimama.

Nikasema naitwa nani, mtoto wa nani, natoka Bugarama. Nikasema Mama Leokadia hakuzama, nilidanganya, nilikuwa nafanya utani. Sauti yangu ilitoka nyembamba, inapasuka katikati kama ya jogoo anayejifunza. Watu walitazamana. Kijana mmoja mrefu mwenye macho mekundu akasimama, na kabla hajasema nilijua ni Severini.

"Siyo huyu," akamwambia Mzee. "Niliongea na mtu mzima. Hawa wamemtafuta mtoto wa kubebeshwa."

Mnung'uniko ukapita. Mzee akasema kama siyo huyu, basi atafutwe mwenyewe, na dada yake atakaa pale alipo. Mjomba akaapa ni mimi. Severini akatikisa kichwa. Alisema ile sauti hawezi kuisahau, kwa siku mbili analala nayo.

Nikaelewa kinachotakiwa, na sikutaka. Nilimtazama Mjomba, akatazama chini.

Nikakohoa mara mbili.

"Mimi kama mwenyekiti," nikasema, nikanyamaza pale pale ninaponyamaza siku zote. "Mwenye simu hii amezama leo asubuhi. Bado tunamtafuta."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja mbele yangu aliziba mdomo wa mtoto wake kwa kiganja. Severini alikaa chini palepale, kwenye vumbi, akafunika uso kwa mikono miwili na mabega yake yakaanza kutikisika, mtu mzima, mbele ya wakwe. Nikaendelea kusimama, sikujua pa kuweka mikono yangu. Kisha nikasema tena, kwa ile sauti yangu nyembamba, kwamba ni uongo na yuko hai, yule pale.

Mzee Anaseti akaitikia salamu yangu ya mwanzo. "Marahaba," akasema. Akaamuru turubai lishushwe. Mama Leokadia akaingia uani, akampita kila mtu, akamwinua Severini kwa mkono.

"Nipeleke kwa mtoto wangu," akamwambia.

Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Hakukuwa na keki wala hotuba. Barua ya kuacha kazi niliiandika mwenyewe kwa kalamu ya Mjomba, akaisoma, akasema nimekosea tarehe, akaitunza. Kituo cha Mwisho sasa anakishika Mama Leokadia mwenyewe, anavuka na Ndala kila Alhamisi, na watu wa mwaloni wanasema anaipiga vizuri kuliko mimi. Anayetaka nafasi ya kazi amwombe yeye. Msiseme nimewatuma mimi.

Kuhusu sauti, si kwamba niliapa. Nimejaribu mara moja bwenini, ya mwalimu wa jiografia, mkaniona nimeinama mkadhani nimepaliwa. Nilikuwa nasubiri mtu acheke na katikati ya ile subira nikasikia pumzi ya yule mtu kwenye simu.

Severini hupiga kibandani kwa Mjomba nikiwa likizo, kuulizia hali ya mama mkwe wake. Nikipokea mimi, huniuliza kwanza mimi ni nani. Nasema jina langu, la baba yangu, na natoka wapi. Halafu hunyamaza, ananisikiliza ninavyopumua, na mimi sisemi kitu, nangoja hapo nimeshika simu kwa mikono miwili mpaka aridhike.